Airbnb na kianzio cha nyumba Istanbul: hela ya kikoba ilikaa wapi

Kwa wanaoniuliza tulilipiaje nyumba ya Istanbul: tulilipa ndani ya Airbnb, programu ya kukodi nyumba za watu kwa siku chache, kwa kadi, na nikipanga safari nyingine nitalipa hivyo hivyo. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa dagaa, Mwaloni Kirumba, kwa hiyo hela niliyoishika haikuwa yangu. Ni ya wanawake wanaoshinda juani wakigeuza dagaa, na safari tuliipanga iangukie mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika.

Nyumba ya kwanza iliyotuvutia haikuwa ya Airbnb. Iliingia kwenye kundi letu la WhatsApp: vyumba vinne mtaa wa Fatih, karibu na maduka ya jumla ya nguo ya Laleli, bei ya chini mno. Mwenye nyumba alitaka nusu ya kodi siku hiyo hiyo, eti kuna familia nyingine inaisubiri. Akatuma namba ya akaunti. Ilianza na LT. Namba ya IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, ya Uturuki huanza na TR na ina herufi na tarakimu 26 kwa jumla. LT ni Lithuania. Mtu anaweza kuwa na akaunti nchi nyingine, sikatai, ndiyo maana nikamuuliza jambo la pili. Tangu Januari 2024 sheria ya Uturuki inataka nyumba inayokodishwa kwa watalii kwa siku zisizozidi 100 iwe na kibali cha Wizara ya Utamaduni na Utalii, na kibao chake kibandikwe mlangoni. Nikaomba namba ya kibali. Hakuitoa. Alichofanya ni kupunguza bei tena.

Nilipita benki pale Barabara ya Kenyatta, na kijana wa dirishani hakunificha: "Mama, TT, hela inayotumwa benki kwa benki kwenda nje, ikishaingia kwenye akaunti ya huko, kuirudisha ni mpaka aliyepokea akubali." Nikaachana na nyumba ile.

Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" tumeuzoea, na wengi wetu tunajua kumripoti tapeli kwa 15040. Lakini ukija kwa Kiingereza kizuri na picha za Bosphorus, ule mlango wa bahari wa Istanbul, watu wazima wenye akili zao wanalegea. Hilo linaniumiza, kwa sababu hela inayokwenda ni ya ada za watoto.

Kilichonifanya niiamini Airbnb si picha wala nyota za wageni. Ni njia ambayo hela inapita. Ukilipa, mwenye nyumba hapewi papo hapo. Airbnb humtumia takriban saa 24 baada ya muda wa mgeni kuingia. Sisi Mwaloni tunalielewa hilo bila somo: hela ya mzigo inakaa kwa dalali mpaka magunia yahesabiwe. Mama mmoja mkubwa kwenye kikoba alikuwa akinipigia kila mara. "Mweka hazina, huyo Mturuki ameshakula hela zetu?" Namjibu, "Bado mama, hajaishika." Analala.

Ulinzi huo upo tu ukibaki ndani. Mwenye nyumba akikuambia mlipane pembeni ili mkwepe ada ya huduma, hata kama ni mtu mwema kabisa, umetoka kwenye ulinzi wote. Ada ile niliilipa kwa moyo mweupe. Na kiungo kikitumwa kwamba uthibitishe kadi upya mahali pengine, usikiguse.

Viza zilikuwa hazijatoka, kwa hiyo nilitafuta tangazo ambalo masharti yake ya kughairi yanarudisha hela yote hadi siku tano kabla ya kuingia. Yapo masharti magumu kuliko hayo, soma kabla ya kubonyeza. Kadi niliyotumia niliiwekea kiasi cha malipo tu, haikuwa ile yenye akiba ya kikoba. Kadi ina faida nyingine: kampuni za kadi, Visa na Mastercard, zina utaratibu wa kupinga malipo kupitia benki yako, mara nyingi ndani ya siku 120. Ila uwe na ushahidi, kwa hiyo mazungumzo yote niliyafanyia humo humo kwenye programu, na picha ya kibao cha kibali niliiombea humo.

Tulipofika nilizunguka vyumba vyote nikirekodi video kabla mtu hajafungua begi, maana tatizo linatakiwa kuripotiwa kwa Airbnb ndani ya saa 72 tangu uligundue. Hapakuwa na la kuripoti. Kibao kilikuwa mlangoni, namba ile ile.

Airbnb nawapa nyota tano kwa usalama wa hela. Mwakani akina mama wanataka Dubai. Huko nako nyumba za likizo zinatakiwa kuwa na kibali cha Idara ya Uchumi na Utalii, na nimeshaanza kukidai kwa kila anayenitumia picha.