Uzoefu wangu: oili sili nyekundu ya silikoni kwenye krankshafti ya Volkswagen Beetle ya mwaka 1968

Ni miezi minane sasa tangu nilipofunga kwa mikono yangu oili sili mpya ya silikoni (pete inayozuia oili isivuje pale krankshafti, yaani shafti kuu ya injini, inapotokea nje) kwenye Volkswagen Beetle yangu ya mwaka 1968 yenye injini ya 1500, na nadhani muda huo unatosha kuitolea maoni bila pupa. Sili iliyoitangulia, ya mpira mweusi wa naitraili, ilifungwa gereji, na haikutimiza miezi mitatu kabla oili haijaanza tena kudondoka pale injini inapoungana na giaboksi. Kwa kuwa kuifikia sili hiyo kunalazimu injini nzima ishushwe, niliazimia kwamba safari hii nitajua kwanza kwa nini ile ya awali ilishindwa, ndipo ninunue nyingine.

Mvujo wa mahali hapo una vyanzo zaidi ya kimoja. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya salfa ambayo anayeifahamu hawezi kuichanganya na ya injini, kwa hiyo kunusa tone moja tu kulinionyesha kwamba sili ya shafti ya giaboksi haikuwa na kosa. Baada ya kushusha injini na kuvua klachi na flaiwili (gurudumu zito la chuma linalofungwa mwishoni mwa krankshafti), nilikagua pia kizibo cha kemushafti (shafti inayofungua valvu) kilicho nyuma ya flaiwili pamoja na oringi (pete nyembamba ya mpira) iliyo ndani ya flaiwili yenyewe, kwani vyote viwili huvuja na lawama huangukia sili. Kizibo kilikuwa kikavu. Oringi ilikuwa imekakamaa kiasi kwamba ilikatika nilipoikunja, jambo lililonionyesha kwamba aliyefunga sili ile mpya aliirudisha oringi ya zamani, ingawa kuibadilisha ni kazi ya dakika moja flaiwili ikishatoka.

Katika kuchagua, nilipima aina tatu. Naitraili ni nafuu na imara inaposhikwashikwa, lakini huanza kukakamaa ikikaa muda mrefu kwenye joto linalozidi nyuzi 100 hivi, na injini inayopozwa kwa hewa haina shida kulifikia joto hilo ikipanda mlima mrefu. Viton (aina nyingine ya mpira) na silikoni zote hustahimili joto linalokaribia nyuzi 200. Nilichagua silikoni kwa sababu mdomo wake ni laini na huendelea kuugusa mzingo wa chuma hata pale shafti inapoyumba kidogo, kama ilivyo kawaida ya injini yenye umri huu. Ulaini huo huo ndio udhaifu wake: huchanika upesi, na haipatani na petroli, kwa hiyo asiioshe mtu kwa petroli kabla ya kuifunga. Ya kwanza niliyoletewa niliirudisha, kwa kuwa ilikuwa imetundikwa kwenye msumari dukani na mdomo wake ulikuwa umejikunja upande mmoja. Sili iliyopinda mdomo haifai hata kama haijawahi kufungwa.

Kwenye injini hii mdomo wa sili hauigusi krankshafti yenyewe, bali hugusa shingo ya flaiwili. Nilipopitisha ukucha juu ya shingo hiyo nilihisi mfereji mwembamba uliochimbwa na sili za miaka mingi, na bila shaka sili nyeusi ilikuwa imekaa humo humo. Mfereji wangu haukuwa wa kina, hivyo niliusugua kwa msasa laini wa namba 600 uliolowa oili, nikizungusha kufuata mzingo na kamwe si kwa urefu, kwa sababu mikwaruzo ya urefu huwa njia ya oili kutokea nje. Kama ukucha ungenasa kabisa, ningevisha bushi nyembamba ya chuma kisichoshika kutu au kutafuta flaiwili nyingine.

Hata hivyo kosa kubwa zaidi halikuwa kwenye sili wala kwenye shingo. Krankshafti ilikuwa ikicheza mbele na nyuma milimita 0.18, wakati kipimo sahihi ni kati ya 0.07 na 0.13, na mwisho wa kuvumilia ni 0.15. Nafasi hiyo hurekebishwa kwa shimu (pete nyembamba za chuma za kujazia nafasi) tatu zinazokaa nyuma ya flaiwili, na lazima ziwe tatu. Hupimwa zikiwa mbili tu, bila sili na bila oringi, flaiwili ikiwa imekazwa; kisha kwenye kipimo kinachopatikana hutolewa 0.10, na kinachobaki ndicho unene wa shimu ya tatu. Nilipotoa moja yenye unene wa 0.30 nilipata 0.48, hivyo nilihitaji shimu ya 0.38, ambayo ni miongoni mwa saizi zilizotengenezwa kiwandani. Mdomo wa sili unaosuguliwa huku na huko kila klachi inapokanyagwa hauwezi kudumu, uwe wa silikoni au wa kitu kingine chochote. Laiti fundi wa awali angepima hapo, huenda ile ya naitraili ingedumu.

Kabla ya kuisukuma sili mahali pake, nililainisha ukingo wa tundu la injini, kwani ukali wake hukwangua mpira wa nje wa silikoni na kutoa uzi mwekundu ambao mara nyingi hauonekani mpaka mvujo unapoanza. Upande wa nje nilipaka gundi kidogo sana ya kuzuia mvujo, na mdomo nikaupaka oili safi ya injini. Sikutumia nyundo. Niliazima kifaa cha kuvutia sili kinachofungwa kwenye nyuzi za nati ya katikati ya krankshafti, ambacho huiingiza taratibu pande zote kwa pamoja, na kwa maoni yangu kifaa hicho kina thamani sawa na sili yenyewe, maana sili iliyoingia kimshazari itavuja siku hiyo hiyo.

Nati ya katikati, ya milimita 36, hukazwa kwa takriban nyutonimita 350, yaani karibu sawa na uzito wa kilo 35 ulioning'inizwa kwenye mpini wa mita 1, na flaiwili lazima izuiwe barabara isizunguke. Kupanga klachi pleti na kurudisha injini kulikuwa kazi ya kawaida.

Kwa kilomita elfu sita hivi nilizoendesha tangu hapo, kipande cha katoni ninachokitandika chini ya maungio kila jioni kimebaki kisafi, na klachi, iliyokuwa ikiteleza kwa kulowa oili, inashika vizuri kwa pleti mpya. Lawama yangu kwa bidhaa hii ni moja: haikuja na karatasi yoyote ya maelekezo, na mtu asiyejua habari ya ukingo mkali wa tundu ataiharibu mara tu anapoiingiza. Ukungu mwepesi wa oili unaoonekana upande wa puli (gurudumu la mkanda, mwisho wa pili wa krankshafti) siuhesabu dhidi yake, kwa sababu upande huo wa injini haukuwekewa sili ya mpira tangu mwanzo. Oili hurudishwa ndani na kisahani cha kurushia pamoja na mfereji wa parafujo uliochongwa kwenye shingo ya puli, nao umekuwa ukiacha ukungu kama huo tangu nilipolinunua gari hili.