Leseni ya baa Michigan: ya mgawo au ya kufufua mji?

Huko Michigan, Marekani, baa huanza na hesabu ya mgawo: leseni moja ya kunywea papo hapo kwa kila wakazi 1,500. Nafasi zikijaa, unanunua ya mwenzako kwa bei mtakayoelewana. Ni ghali, lakini ni mali, ukichoka unaiuza.

Sheria ya 2006 ilifungua mlango wa pili. Mji ukitenga eneo la uendelezaji, baraza lake linaweza kumpitisha mwombaji nje ya mgawo, ingawa leseni yenyewe hutolewa na tume ya jimbo. Utamu uko hapa, na masharti pia. Chukua duka la nguo lililofungwa miaka mingi, madirisha yamepigwa mbao: mwombaji aonyeshe dola 75,000 za ukarabati, viti visipungue 25, alipe ada ya dola 20,000. Tena athibitishe kwamba alijaribu kwanza kununua leseni ya kawaida (hapo ndipo wengi huguna).

Biashara ikifa, leseni hii ya kufufua mji inarudi kwa tume. Kwa mgahawa unaokusudia kukaa, ningechagua hii. Kwa anayewaza kuuza kesho, ya mgawo.