Memori kadi ya Switch 2: nilichoma elfu sitini kabla sijajua maana ya EX

Wakuu, braza kaniletea Nintendo Switch 2, ile mashine ya gemu ya kushika mkononi, mwezi wa saba, ule mwezi ambao huku Mbeya unacheza gemu umejifunika blanketi vidole tu ndo viko nje. Ndani inakuja na 256GB, mi nikajua hapo nimemaliza, nimekaa nayo miaka. Kumbe wapi. Gemu la Mario Kart World peke yake linazidi 20GB, nikaweka Cyberpunk 2077 nayo ikameza kama nini, na msidhani ukinunua kadi ya gemu ya kuchomeka ndo umepona, kuna nyingine ndani hamna gemu, ni kibali tu cha kukuruhusu ushushe, so bando linakwisha na nafasi inakwisha. Bando la usiku nimelijua vizuri mwaka huu.

Basi nikashuka Mwanjelwa, kuna duka moja la vifaa vya simu, nikamwambia jamaa nataka memori kubwa. Akanitolea ya 512GB, "hii og kaka, hata kwenye drone inafanya kazi", elfu sitini. Sikuuliza sana maana kwa akili zangu memori ni memori, zote si zinaingia tundu lile lile? Na kweli iliingia, ikakaa vizuri tu, ila mashine ikaniambia hii haiwezi kuweka gemu, labda kama nataka kuhamisha picha na video nilizopiga kwenye Switch ya zamani. Switch ya zamani yenyewe sina.

Iko hivi. Switch ya kwanza ile ya 2017, na hata Steam Deck (mashine nyingine ya gemu ya mkononi), zinatumia memori hizi za kawaida tunazoziita za simu, za UHS-I (jina la kiwango chake cha spidi), ambazo spidi yake ya mwisho kabisa kwa kiwango cha UHS-I ni 104MB kwa sekunde. Switch 2 yenyewe inataka microSD Express, hii inapitisha data kwa njia ya PCIe, ile ile ya SSD, zile diski za kasi za laptopu, mwisho wake 985MB kwa sekunde, kwa hiyo sio kwamba wamebana tu ili tuumie (ingawa tunaumia). Zile alama za U3, V30 na A2 ambazo muuzaji atakuonyeshea kwa kidole, U3 na V30 ni za watu wa video, zinamaanisha haiandiki chini ya 30MB kwa sekunde, A2 ni ya kusoma vifaili vidogo vidogo haraka, nzuri kwenye simu au Steam Deck, ila kwa Switch 2 hazikusaidii chochote kama hakuna EX, yani alama ya Express. Tafuta EX imeandikwa juu ya kadi yenyewe, boksi usiliamini sana. Halafu igeuze nyuma, ya kawaida ina safu moja ya meno ya dhahabu, Express ina mbili. Angalizo, UHS-II, kaka yake UHS-I, nazo zina safu mbili na hazifai, so EX kwanza, meno baadaye.

Nikarudi dukani, jamaa akanijibu bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Haya. Sasa mshikaji wangu mmoja anasoma chuo cha MUST hapa Mbeya akaniambia hebu tuipime kwanza, akaweka H2testw kwenye laptopu, hiyo ni programu ya bure, inaijaza kadi yote halafu inasoma ilichoandika kuona kama kipo. Tukaiacha usiku kucha. Asubuhi, 512GB yangu ilikuwa na 29GB nzima, zilizobaki hewa! Memori feki zinafanya hivyo, inajitangaza kubwa, unaweka vitu inapokea tu, siku unavifungua ndo unakuta vimeharibika. Yani hata ningekuwa na Switch ya zamani ningelia tu.

Ya pili nimeagiza Kariakoo, SanDisk Express 256GB, ikaja na basi nikaipokea stendi ya Nane Nane, laki mbili na kumi. Marekani hii ilitoka kwa kama dola 60, kwa hiyo nimepigwa kidogo ila nauli na faida ya mtu naielewa. Kabla sijaiweka kwenye mashine nikaipima kwanza, inasoma kwenye kadi rida ya kawaida tu japo taratibu. Windows ikaonyesha 238GB, nikashtuka, mshikaji akacheka, kumbe ni namna tu kompyuta inavyohesabu, haijaibiwa. Ikapita yote.

Mpaka sasa naipa tisa kwa kumi. Gemu nimehamisha kutoka kwenye mashine kwenda kwenye kadi bila kushusha upya, na kufunguka, kwa macho yangu sioni tofauti na zilizo ndani. Moja niliyoikata ni ya bei. Ila jueni sevu zako, yani pale ulipofikia kwenye gemu, hazikai kwenye kadi, zinabaki kwenye mashine, so mtu asikuambie hata mashine ikifa kadi itakuokoa.

Ile feki sikuitupa. Iko kwenye redio ya mama jikoni, nimemjazia kwaya, 29GB za kwaya hazijaisha mpaka leo na yeye anajua mwanae kamnunulia memori ya elfu sitini.