Franklin wa umeme au Franklin wa siasa?

Mi kura yangu kwa Benjamin Franklin, yule Mmarekani mwanasayansi na mwanasiasa wa miaka ya 1700, naipeleka kwa yule wa umeme. Jamaa shule aliacha ana miaka 10 tu, akaenda kujifunza uchapaji kwa kaka ake hapo Boston, mengine yote kajisomea mwenyewe usiku, halafu 1752 anarusha kishada kwenye mawingu ya radi (usijaribu hiyo kitu aisee) na ile fimbo ya kukinga radi aliyoibuni hata hataza (haki ya mvumbuzi) hakuchukua, kaigawa bure. Siasa nayo si mchezo, 1778 yeye na Wamarekani wenzake wakasaini mkataba na Ufaransa, wakapata meli, askari na hela za kupigana na Mwingereza. Ila huko Paris milango ilifunguka mapema kwa sababu walishamjua kwa mambo ya radi.