Mlezi wa Mama: Umwajiri Mwenyewe au Upitie Wakala?

Mamangu ana miaka 81, yuko nyumbani Kisauni, Mombasa, miguu haimbebi tena. Zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, pesa za kila mwezi ambazo serikali ya Kenya huwapa wazee, hazimalizi hata nepi za mwezi, kwa hiyo mlezi tunamlipa sisi watoto.

Ukiajiri mwenyewe, hakuna wakala wa kukata mshahara wa mlezi. Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara kwa mfanyakazi wa nyumbani Mombasa kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na mwajiri huongeza mchango wa NSSF (akiba ya uzeeni) na ushuru wa nyumba za bei nafuu. Dada wa kazi tuliye naye anajua mama hagusi uji usio na ndimu. Kila saa mbili humgeuza, humpaka mafuta mgongoni, na mama hajawahi kupata kidonda. Ila akienda kwao msibani, kazini siendi.

Wakala hukata chake, lakini mlezi akiugua, analetwa mwingine. Na penye mpira wa mkojo au sindano za insulini, mlezi lazima awe amefunzwa kazi hiyo.

Kwa sasa nabaki na dada. Siku nikienda kwa wakala, swali langu la kwanza: kwa pesa ninayolipa, mlezi anapata ngapi?