Gari la kunyonya choo, Tabata: nyota nne, ya tano nimeibana

Nina wapangaji sita na shimo moja, kwa hiyo kila baada ya miezi minane hivi napiga simu ya gari la majitaka. Hawa wa juzi ni watu wa tatu kuwajaribu.

Walifika saa mbili asubuhi, kama tulivyoagana. Gari la lita 5,000, bei shilingi 110,000. Kichochoro chetu hakipitiki, wakaegesha barabarani na utingo akaunganisha mipira mpaka kwenye mfuniko. Mashine ikanguruma, mpira ukarukaruka, mara ukatulia. Umeziba. Utingo akauchokonoa mpaka akatoa kipande cha kanga na chupa mbili za dawa ya kikohozi. Akaviinua juu: "Mama, hivi ni vya nani?" Wapangaji wote wakaingia ndani.

Maji yakiisha, chini hubaki tope zito lenye mchanga, na hapo ndipo wengi huaga. Hawa walimwaga ndoo za maji, wakakoroga kwa mti mrefu, wakanyonya tena. Nilimulika tochi nikaona tofali za chini, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu shimo lichimbwe.

Sasa nieleze kwa nini niliwafuata kwa bodaboda. Yule wa pili, mwaka juzi, alinitoza 70,000 nikajiona mjanja. Jioni mtoto wa jirani akaja kusimulia kwamba gari lile lilifungua koki kwenye mfereji wa mvua. Mfereji ule unaingia Msimbazi. Mto wenyewe si mrefu: unaanzia vilima vya Pugu, unapita huku kwetu, unashuka Jangwani na kuingia baharini pale Daraja la Selander. Njiani watu wanamwagilia mchicha, na mchicha wa bondeni ndio niliokuwa nanunua. (Wale wanaotapisha vyoo, yaani wanaofungulia shimo uchafu uchukuliwe na maji mvua ikianza kunyesha, wao hawana hata dereva wa kumsingizia.)

Hawa walinyoosha mpaka mabwawa ya Vingunguti, wakalipa getini, wakamwaga. Harufu siielezi. Kazi yenyewe ni ya taratibu: kwenye bwawa la kwanza tope linazama na vijidudu vinalila pasipo hewa, yanayofuata yana rangi ya kijani kwa mwani, na jua linasaidia kuua vimelea. Maji ya bwawa la mwisho yanaachiwa kwenda Msimbazi, mto ule ule. Dawa kubwa hapo ni muda. Tope likiachwa lijae bwawani, maji yanapita haraka na yanafika mtoni hayajaiva. Kwa hiyo sisemi gari likifika bwawani mto umepona, ila uchafu wa koki ya mferejini haupati hata hiyo nafasi.

Nyota ya tano nimeibana kwa sababu ya utingo. Kazi yote ile aliifanya mikono mitupu, kisha akanawa kwa sabuni yangu ya kufulia. Mwajiri wake ameshindwa kununua glavu?

Ukiwaita, lipa nusu kwanza, nusu nyingine ishike mpaka uione risiti ya getini. Dereva wangu hakununa, alinionyesha kwenye simu palepale. Yule wa 70,000 bado ananipigia, na sikumbuki siku aliyonipigia wakati wa kiangazi.