Uzoefu wangu: shokapu za mwendo mrefu zenye tangi la nje kwenye Hilux Revo

Seti yenyewe ni hii: mbele koiliova (shokapu iliyozungukwa na springi ya koili) mbili za inchi 2.5 zenye tangi la nje la oili na gesi na kitufe cha kurekebisha ugumu, nyuma shokapu mbili za unene huohuo zenye kitufe kama hicho, wishboni (mikono inayoshika gurudumu la mbele) za juu za kubadilishia, na springi za majani za nyuma zilizotengenezwa kwa mzigo wa kudumu wa kilo 300. Gari ni pikapu ya Toyota Hilux Revo dabo kabini yenye bampa la chuma, winchi na keria. Inapita zaidi barabara za vumbi kama Mto wa Mbu hadi Ziwa Natron, na upande wa Kenya Marsabit hadi Loiyangalani, ambako mawe ya volkano na mawimbi ya barabara (vijituta vinavyofuatana) humaliza shokapu upesi.

Niseme mapema: kwa gari lililopakia, linalokwenda mbali kwa kilomita 60 hadi 80 kwa saa kwenye vumbi, seti hii inastahili bei yake. Kwa gari linaloshinda mjini, nunua shokapu nzuri za kawaida, hela inayobaki weka kwenye matairi.

Wengi wanaoulizia mwendo mrefu wanachotaka hasa ni gari kuwa juu. Hivyo ni vitu viwili. Mwendo ni umbali ambao gurudumu linasafiri kutoka limebanwa juu kabisa hadi linaning'inia. Gari linaweza kuinuliwa na likapoteza mwendo wa chini (nafasi ya gurudumu kushuka), ndiyo maana magari mengi yaliyowekwa spesa (kipande cha kuinulia) juu ya koiliova hugonga kila yakivuka shimo: fimbo ya shokapu inafika mwisho wake.

Mwendo mrefu kamili ni ule wa jangwa la Baja, Meksiko, na California. Wishboni zinarefushwa, ekseli za mbele na tairodi zinarefushwa, madigadi yanapanuliwa. Ford F-150 Raptor ya 2010 ilitoka kiwandani na inchi 11.2 mbele na 12.1 nyuma. Kwa Hilux ya kazi huku kwetu siushauri mfumo huo. Ekseli iliyorefushwa ikikatika North Horr, kaskazini mwa Kenya, hupati nyingine, ila ya kawaida ya Hilux huipata karibu kila mji. Kinacholeta raha kwenye mawimbi ni oili nyingi isiyochemka, na vizuizi vya mwisho wa mwendo vilivyowekwa mahali sahihi ili kila milimita ya mwendo uliopo itumike.

Kabla ya kununua, jua hesabu moja ya mbele. Koiliova ya Hilux haikai kwenye gurudumu, inakaa katikati ya wishboni ya chini, kwa hiyo fimbo inasafiri takriban 0.58 ya kile gurudumu linachosafiri. Fimbo ya milimita 130 inatoa karibu milimita 220 gurudumuni. Ukikaza kola ya springi (ringi yenye nyuzi inayoibana springi) milimita 10, gari linapanda karibu milimita 17. Springi ya pauni 600 kwa inchi, ambayo ni kama niutoni 105 kwa milimita, kwenye gurudumu, ambako unazidisha kwa 0.58 mara mbili, inabaki na nguvu ya niutoni 35 tu kwa milimita. Ukiongeza kilo 50 juu ya kila gurudumu la mbele, gari linashuka milimita 14. Bampa na winchi vikishusha gari hivyo, usikimbilie kukaza kola hadi mwisho. Chukua springi ya pauni 650 au 700. Kola iliyokazwa sana haiongezi nguvu ya springi. Inapandisha gari tu na kuuiba mwendo wa chini.

Kiwango nilichokipenda ni milimita 50 juu ya kimo cha kiwanda. Ukizidi hapo, sivi jointi (viungo vya ekseli za mbele) zinafanya kazi kwa pembe kali, buti zake zinachanika mapema, na boljointi (kiungo cha tufe cha wishboni) ya juu inafika ukomo wake. Wishboni ya juu ya kiwanda nayo inakaribia kugusa koili gurudumu linaponing'inia. Hizi za kubadilishia zinarudisha pia kasta (mwinamo wa nyuma wa mhimili wa stelingi) iliyopotea. Omba fundi wa alaimenti akupe digrii 3.5 hadi 4 pande zote mbili. Kasta ikiwa ndogo, stelingi hairudi yenyewe baada ya kona na gari linatangatanga kwenye lami. Chagua wishboni yenye boljointi iliyofungwa na buti la raba. Zile za beringi ya tufe la chuma iliyo wazi zinapendeza kwenye picha, lakini vumbi la Natron linaingia na zinaanza kugonga. Hali kadhalika macho ya shokapu: bushi za raba zinadumu kuliko beringi za chuma.

Hatua ambayo gereji nyingi huiruka ndiyo muhimu kuliko zote. Funga koiliova bila koili. Weka gari kwenye stendi za chesisi, kisha jeki chini ya wishboni ulipandishe gurudumu hadi bampstopu (raba inayozuia mwisho wa juu) ibanwe kabisa. Hapo fimbo inatakiwa ibaki na angalau milimita 10 kabla haijagonga ndani. Ikigonga kwanza, shimo moja kubwa linapasua pistoni au linang'oa maungio ya juu. Shusha taratibu hadi mwisho wa chini, ukizungusha stelingi kulia na kushoto kila hatua. Tazama paipu ya breki, waya wa ABS, paipu ya tangi la shokapu na pembe ya sivi jointi. Mimi huzungusha gurudumu kwa mkono likiwa chini kabisa. Sivi ikishika au ikikwaruza, mwendo wa chini umezidi na unahitaji mkanda wa kuzuia gurudumu lisishuke zaidi. Mkanda unavutika karibu asilimia 10, kwa hiyo ukate mfupi kwa kiasi hicho.

Nyuma, springi za majani zichaguliwe kwa mzigo uliomo siku zote, si wa siku moja ya mavuno. Gari tupu lenye majani ya kilo 500 halitumii mwendo wake. Linarusha mkia tu, na hakuna shokapu itakayoliponya. Yubolti (bolti za umbo la U zinazoshika majani kwenye ekseli) ziwe mpya, uzikaze tena baada ya kilomita 500. Bolti za bushi za majani zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, raba zinakaa zimejisokota na zinachanika. Kama Hilux yako ina ile vali ya breki inayofuata uzito wa mzigo, pandisha bano lake. Usipopandisha, vali itadhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma. Gari likianza kutetemeka wakati wa kuondoka, angalia pembe ya propela shafti na senta beringi kabla ya kulaumu shokapu.

Baada ya hapo ndipo urekebishe. Weka upepo wa tairi sawa kwanza, maana psi 5 za tairi zinaweza kuficha au kubadili kila unachokisikia. Fungia tai ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, usiibane sana. Baada ya kipande cha barabara itakuwa imesukumwa hadi pale fimbo ilipofika. Paka grisi kidogo kwenye bampstopu uone kama imeguswa. Tumia kipande kilekile, kasi ileile, ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kliki mbili mbili.

Pua ikizama ukifunga breki na bampstopu ikipigwa kwenye makorongo madogo, ongeza ugumu. Stelingi ikitetemesha mikono na tairi zikirukaruka juu ya mawimbi, punguza. Kuna dalili moja inayowachanganya wengi: gari ni laini mwanzoni mwa mawimbi, kisha linazidi kuwa gumu na kimo kinashuka. Hapo fimbo inarudi polepole mno, gurudumu halijashuka na wimbi la pili limeshafika. Kulegeza kile kitufe cha ugumu hakutasaidia, kwa kuwa kinagusa fimbo inapoingia tu. Kwenye seti hii kasi ya kurudi inabadilishwa ndani, kwa washa za vali, na ni kazi ya fundi wa shokapu mwenye gesi ya naitrojeni. Kinyume chake, mkia ukirushwa juu baada ya tuta, fimbo inarudi haraka mno. Mimi nikiwa na mzigo wa kilo 400 nyuma hukaa kliki 12 kutoka upande laini, mbele 8. Gari likiwa tupu, nyuma narudi hadi kliki 5.

Ukisimama baada ya mawimbi marefu, gusa shokapu zote nne kwa nyuma ya mkono, kwa tahadhari. Za mbele zote mbili ziwe na joto linalofanana, na za nyuma vivyo hivyo. Iliyo baridi kuliko mwenzake haifanyi kazi, imepoteza oili au gesi.

Upungufu upo. Fimbo iliyo wazi inachunwa na kokoto, na alama ndogo tu inatosha kukata sili, kwa hiyo ngao za mawe ni lazima. Paipu ya tangi isipofungwa vizuri inasagwa na tairi stelingi ikiwa imekunjwa mwisho. Shinikizo la gesi, kama psi 200, haliongezwi kwa pampu ya tairi. Kabla hujalipa, uliza nani atazifungua na kuzijaza upya mjini kwako, na kama seti ya sili inauzwa peke yake.